Mwanya wa Mdomo na Kaakaa: Jambo Linalokwisha Kabla Mama Hajafika CPN (Kliniki ya Wajawazito)

Kila kampeni ya upasuaji wa midomo inapotangazwa hapa Lubumbashi, wazazi hujaa kwetu, na kabla hawajauliza tarehe wanauliza nani amempasua mtoto mdomo. Hakuna aliyekata kitu. Mdomo huo haukupasuka hata siku moja. Vipande vyake havikukutana.

Uso wa binadamu hujengwa kwa vipande. Kuanzia wiki ya nne baada ya mimba kutunga, seli husafiri kutoka mgongoni mwa kiinitete na kufanya vivimbe vitano kuzunguka mahali pa kinywa: kimoja cha paji na pua, viwili vya taya la juu, viwili vya taya la chini. Vile vya taya la juu husogea katikati na kushikana na sehemu za pua, na kufikia wiki ya saba mdomo wa juu umekamilika. Upande mmoja ukichelewa au ukikosa seli za kutosha, mwanya hubaki, na upande wa kushoto hupatwa takriban mara mbili kuliko wa kulia.

Kaakaa, yaani paa la kinywa, lina ratiba yake. Kuta mbili za nyama huning'inia wima kando ya ulimi, kama mbawa za mlango ambao mtu amelala katikati yake. Karibu na wiki ya nane taya la chini hurefuka, ulimi hushuka, kuta hizo huinuka na kulala, zikagusana. Utando mwembamba wa kingo zake lazima utoweke ili nyama ya huku ishikane na ya kule. Kufikia wiki ya 12 kazi imekwisha. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na mdomo mzima na kaakaa wazi, na ndiyo maana taya la chini likiwa dogo mno, ulimi hukosa pa kushukia na kaakaa halifungi.

Sasa hesabuni. Wamama wengi hufika CPN mwezi wa nne au wa tano. Kisu mlichoshika mwezi wa saba, jua lililopatwa, kilema mliyemcheka soko la Kenya hapa mjini: vyote mnavyovisingizia vimechelewa. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Duniani, karibu mtoto mmoja kati ya 700 huzaliwa hivi. Kwa walio wengi hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Ni jeni kadhaa, kila moja na nguvu ndogo, zikikutana na mazingira. Hata kwa mapacha wa kufanana, mara nyingi mmoja ana mwanya na mwenzake hana. Jeni hutoka kwa baba na kwa mama, kwa hiyo kikao cha ukoo cha kumrudisha mke kwao hakina msingi wowote.

Katika mazingira, tunajua tumbaku, pombe, kisukari kisichotibiwa, na baadhi ya dawa za kifafa kama valproati. Mwenye kifafa asiache dawa mwenyewe. Amwone muganga wa hospitali kabla ya kushika mimba. Asidi ya foliki nayo huanzwa kabla ya mimba, ingawa faida yake kwa mdomo haijathibitika kama ilivyo kwa uti wa mgongo. Kuhusu migodi, tunasema kwa tahadhari: utafiti uliofanywa hapa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 uliona kwamba watoto wenye kasoro za kuonekana walikuwa zaidi na baba wanaofanya kazi ya madini. Ulihusu kasoro za kila aina, si mdomo peke yake.

Utaratibu ni huu. Mkunga afungue kinywa cha kila mtoto mchanga na amulike kaakaa hadi nyuma, hata kama mdomo ni mzima, kisha aandike kwenye fishi (kadi) ya mtoto. Mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta ziwa vizuri: akamuliwe maziwa, anyweshwe kwa kikombe au kijiko akiwa ameketishwa. Kituo cha afya kitoe barua ya kwenda hospitali kuu ya rufaa. Mtoto aandikishwe eta sivili (ofisi ya kusajili vizazi) ndani ya siku 90. Kumficha nyumbani si sababu ya kuchelewa. Mdomo hushonwa kwa kawaida kuanzia miezi mitatu, kaakaa kati ya miezi 9 na 18, baada ya kupima uzito na damu. Mwenye homa au kikohozi huahirishwa, na kugombana na wauguzi hakubadilishi hilo.

Anayemwita mtoto huyu mchawi, awe bibi au mchungaji, ajue kwamba Katiba inakataza kwenye kifungu cha 41, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000. Malalamiko hupelekwa polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka).

Wazazi wanaofikiria mtoto mwingine: uwezekano wa kurudia ni watoto watatu hadi watano kwa 100. Ila mmoja wenu akiwa na vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini, atuambie, hata kama hana mwanya. Hiyo mara nyingi ni jeni ya IRF6, na uwezekano wa kuirithisha ni nusu kwa nusu. Mje wote wawili, na baba aseme anafanya kazi gani.