Je, wajua kwa nini faili la zamani la MIDI hugeuka piano tupu ndani ya studio ya kompyuta?

Mwalimu mmoja wa kwaya anayeishi Shangani, mjini Mtwara, alikuta ndani ya kabati la kanisa flopi kadhaa, yaani diski za zamani za kuhifadhia mafaili, zilizokuwa zikitumiwa na kinanda kilichokwisha kufa, zikiwa na nyimbo zilizopangwa miaka ya tisini. Alipozihamishia kwenye kompyuta yenye Windows na kuzibofya, zilicheza vizuri: besi, tarumbeta na ngoma, kila kimoja mahali pake. Jioni hiyohiyo alizifungua katika programu ya studio anayorekodia kwaya yake, na hakusikia chochote. Alipoweka sinthesaiza ya piano, yaani programu inayotoa sauti ya ala, sauti ilikuja, lakini kila ala ilikuwa imegeuka piano, na mahali pa ngoma palisikika kama mtoto anayegongagonga vitufe vya upande wa kushoto wa kinanda. Alidhani mafaili yameharibika, kumbe yalikuwa mazima kabisa.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kukumbuka karatasi ya nota za sol-fa ambayo karibu kila mwanakwaya wa Kusini amewahi kuishika. Karatasi ile haina sauti. Ina maagizo tu, kwamba hapa imbeni *d*, hapa *m*, hapa mshikilie, na ikipelekwa Mikindani na Lindi siku moja, kila kwaya itatoa wimbo uleule kwa sauti za watu wake. Faili la MIDI ni karatasi ya namna hiyo iliyoandikwa kwa tarakimu. Kila nota hutumwa kama ujumbe mfupi unaotaja chaneli, yaani njia ya mpigaji mmoja, namba ya kitufe kuanzia 0 hadi 127, ambapo do ya katikati ya kinanda ni 60, na nguvu ambayo kitufe kimebonyezwa nayo, nayo hupimwa kwa kipimo kilekile cha hadi 127. Ndiyo maana wimbo mzima uliingia kwenye flopi: flopi ya kawaida ya megabaiti 1.44 ingejaa kwa sekunde nane tu na ushei za sauti ya ubora wa CD, ilhali maagizo ya wimbo wa dakika kadhaa kwa kawaida huchukua makumi machache tu ya kilobaiti.

Lugha hii ya MIDI ilionyeshwa hadharani mnamo Januari 1983 huko California, pale kinanda cha Prophet-600 kilipounganishwa na Jupiter-6 ya Roland, yaani ala za kampuni mbili tofauti, na kimoja kikakipiga kingine. Hata hivyo, lugha ilikuwa inasema "tumia ala namba fulani" bila kusema namba hiyo ni ala gani, kwa hiyo filimbi ya kinanda kimoja iliweza kuwa gitaa kwenye kingine. Mwaka 1991 ndipo yalipopatikana makubaliano yaitwayo General MIDI: orodha ya ala 128, ambapo namba 1 ni piano kubwa, 33 ni besi, 57 ni tarumbeta, na 109 ni kalimba, ndugu wa ilimba ya Wagogo, ambayo nakiri iliniburudisha nilipoiona mara ya kwanza. Chaneli ni 16, na ya 10 imetengwa kwa ajili ya ngoma. Katika chaneli hiyo namba ya kitufe haitaji tena urefu wa sauti bali hutaja chombo: 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 ni sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, 42 ni matoazi yaliyofumbwa.

Hapo ndipo penye jibu. Windows ina sinthesaiza yake ndogo inayoyafahamu makubaliano hayo, kwa hiyo faili linapobofywa tu, wapigaji wote wameshaketi. Programu ya studio kwa kawaida haina mpigaji yeyote mpaka umlete mwenyewe, kwa sababu imekusudiwa mtu anayetaka kuchagua kila sauti kwa mkono wake. Tena sinthesaiza nyingi zinazopachikwa ndani yake hupiga sauti ya ala moja tu kwa wakati, hazijali namba ya ala iliyoandikwa kwenye faili wala ujumbe umetoka chaneli ipi. Piano ikiambiwa "42" kwenye chaneli ya 10 haijui kwamba imeombwa matoazi, bali hupiga kitufe cha 42, ambacho ni cha besi kabisa. Yule mtoto wa kugongagonga alikuwa ni mpiga ngoma aliyekalishwa kwenye piano.

Dawa yake ni kupachika sinthesaiza inayosikiliza chaneli zote 16 kwa pamoja, kwa mfano FluidSynth, na kuipa saundifonti, yaani faili lililobeba sampuli za ala zote 128 na seti ya ngoma. Njia zote za wimbo hupelekwa huko bila kubadilishwa namba za chaneli. Lipo kosa moja ambalo hata maprodyuza wazoefu hulifanya: mafaili mengi ya zamani huanza na kipande cha ukimya, na mtu hukikata akidhani hakina kazi, wakati humo ndimo mlimo maagizo ya kuchagua ala, kiwango cha sauti na mwangwi. Ukikikata, ala zote isipokuwa ngoma hurudi kuwa piano.

Hata baada ya hapo, wimbo hausikiki sawasawa na zamani. Wapangaji wengi wa miaka ile walisawazisha sauti kwa kusikiliza kifaa kama Sound Canvas SC-55 ya Roland ya mwaka 1991, ambacho tarumbeta zake zilikuwa na wembamba wake na ngoma zake zilikuwa kavu. Maagizo yaleyale yakikabidhiwa saundifonti nzito ya leo, tarumbeta humeza sauti ya nne na mwangwi hurundikana. Kwa maoni yangu, saundifonti ndogo ya kizamani mara nyingi huutendea haki wimbo kuliko ile ya gigabaiti mbili.

Kitu ambacho saundifonti yoyote ya kawaida haitatoa ni ngoma za sindimba, maana jedwali la General MIDI, lenye vyombo 47 kuanzia namba 35 hadi 81, kwa upande wa ngoma za kupigwa kwa mikono lina bongo na konga tu. Mwalimu wetu hakukubali kuishia kwenye konga. Alirekodi mapigo ya ngoma moja ya Newala kwa simu, akayafungua katika Polyphone, programu ya bure ya kutengenezea saundifonti, akayaweka kwenye namba 64 palipokuwa na konga ya chini. Faili la flopi halikuguswa hata nukta moja, na kila lilipoita konga, iliitika ngoma ya Kimakonde.