Akaunti ya akiba ya kuchukua fedha wakati wowote: maana yake, na namna ya kumchagulia mzee

Akaunti ya akiba ya kuchukua wakati wowote ni ile ambayo mwenye fedha huweka na kutoa atakapo, bila kuitaarifu benki mapema na bila kungoja muda maalumu utimie. Hapo ndipo inapotofautiana na amana ya muda maalumu, ambayo hufungwa kwa miezi 3, 6 au 12 kwa riba ya juu zaidi, na anayeivunja kabla ya wakati hupoteza riba yote au sehemu yake. Inatofautiana pia na akaunti ya hundi, ambayo imekusudiwa mzunguko wa biashara na kwa kawaida haina riba. Kwa mzee anayeishi Dar es Salaam, ambaye mahitaji yake makubwa hayatoi taarifa (dawa, vipimo, safari ya ghafla ya msibani), akaunti ya namna hii ndiyo inayofaa kubeba fedha za matumizi ya karibu.

Ugumu ni kwamba kila benki imezipa akaunti zake majina ya kibiashara, na si kila inayoitwa ya akiba inakuruhusu kuchukua utakavyo. Zipo za malengo, ambazo hulipa riba nzuri kwa sharti kwamba mteja asitoe fedha zaidi ya mara moja katika robo mwaka, na akizidisha, riba ya kipindi hicho huondoka. Kwa hiyo mhudumu wa benki aulizwe waziwazi: mzee akitoa fedha mara 3 ndani ya mwezi mmoja, atapoteza nini na atakatwa nini? Jibu la swali hilo lina faida kuliko bango lililobandikwa mlangoni.

Riba ndiyo huwavutia watoto na wajukuu, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutazamwa mwisho. Chukua mfano wa hesabu: shilingi 2,000,000 zikikaa mwaka mzima katika akaunti inayolipa 3%, zitaleta riba ya shilingi 60,000. Benki ikikata kodi ya zuio, yaani kodi inayozuiwa kwenye riba kabla haijalipwa, ya 10%, zitabaki 54,000. Kama akaunti ina ada ya uendeshaji ya shilingi 2,000 kila mwezi, 24,000 nyingine zitaondoka, na mzee atabakiwa na 30,000, kabla ya kuhesabu makato ya kutoa fedha. Mfumuko wa bei nchini umekuwa karibu na 3% kwa mwaka katika miaka ya karibuni, maana yake ni kwamba hata riba yote isiyokatwa ingetosha tu kulinda thamani ya fedha hizo. Zaidi ya hayo, benki nyingine hukokotoa riba kwa salio la kila siku na nyingine kwa salio dogo kabisa lililofikiwa ndani ya mwezi. Kwa njia hii ya pili, mzee akitoa fedha nyingi tarehe 28 kisha akazirudisha tarehe 30, mwezi wote utahesabiwa kwa salio lile dogo. Akaunti isiyo na ada ya mwezi, hata kama riba yake ni ndogo, mara nyingi humwacha mzee na fedha zaidi.

Kwa mzee, jambo zito ni tawi. Bibi anayeishi Mbagala Rangi Tatu hana sababu ya kufunguliwa akaunti katika tawi la Posta kwa kuwa tu mwanawe anafanya kazi jirani na hapo. Ni kweli kwamba akaunti huhudumiwa katika tawi lolote la benki hiyo, lakini mambo yanayohitaji jalada la mteja, kama kubadilisha sahihi au kuongeza mtu wa kumsaidia, huwa mepesi zaidi pale ilipofunguliwa na pale wahudumu wanapomfahamu mwenyewe. Kabla ya kuamua ni vyema kulitembelea tawi lenyewe na kuona kama lina ngazi, kama lina viti vya kungojea, na kama wazee hupitishwa mbele ya foleni. Tarehe za mishahara zisitumike kupima, maana siku hizo kila tawi la Kariakoo hujaa.

Wapo watakaosema kwamba wakala yuko mtaani na simu iko mkononi, kwa nini mzee ahangaike na tawi? Wakala anafaa sana kwa kiasi kidogo, lakini fedha alizonazo zina kikomo, na huduma yake hutegemea kadi au simu pamoja na namba ya siri. Macho yakipungua nguvu, namba hiyo huishia kwa mjukuu, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuthibitisha nani alitoa nini. Dirishani hutazamwa kitambulisho, picha na sahihi, na mhudumu makini huuliza akiona jambo lisilo la kawaida. Hata hivyo, katika benki kadhaa kutoa fedha dirishani hugharimu zaidi ya kutoa kwenye ATM, kwa hiyo jedwali la ada liombwe na lisomwe kabla ya kusaini. Mzee ambaye mkono wake unatetemeka aulize pia kama anaweza kutambuliwa kwa dole gumba, kwa sababu sahihi isiyofanana na ya awali inaweza kumrudisha nyumbani mikono mitupu.

Kuna wazee wa Kiislamu ambao hawatagusa riba, na kuwalazimisha ni kuwakosea heshima. Amana Bank huendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na baadhi ya benki za kawaida zina dirisha la huduma hizo, ambapo fedha hutunzwa kama amana au hupata mgawo wa faida.

Kuhusu usalama, benki iwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Bodi ya Bima ya Amana humfidia mteja hadi shilingi 7,500,000 katika kila benki endapo benki itafungwa, na michango ya bima hiyo hulipwa na benki wenyewe. Jambo hili si la nadharia, kwani Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 kwa siku moja, na wakati huo kikomo cha fidia kilikuwa shilingi 1,500,000 tu. Mzee aliyepokea mafao ya mkupuo yanayozidi kikomo cha sasa anaweza kuyagawa katika benki mbili. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo (SACCOS) na vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) havimo katika bima hiyo.

Linabaki suala la msaidizi. Akaunti ya pamoja yenye sharti la yeyote kusaini humpa mtoto uwezo wa kumaliza fedha zote bila mzee kujua, na ndugu wengine wataiona kama urithi uliogawiwa mapema. Naona ni salama zaidi akaunti ibaki kwa jina la mzee, jina lilingane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA na kumbukumbu za mfuko wa pensheni kama anapokea, kisha benki ipewe idhini ya maandishi inayomtaja msaidizi na kiwango anachoruhusiwa kutoa. Idhini hiyo hukoma mzee anapofariki. Baada ya hapo kutumia kadi yake, hata kwa gharama za maziko, ni kosa, na benki itamtambua tu msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndiyo maana familia nyingi hutenga fedha za dharura ya namna hiyo mahali pengine, kwa jina la mtu mwingine.