Picha ya mteja si mali ya ukurasa wa taasisi

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Moja iliiangukia kampuni ya mikopo ya mtandaoni. Mbili zilizobaki zinatuhusu moja kwa moja sisi tunaoshika kurasa za mitandao ya kijamii za taasisi. Shule moja ilitozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi wao, na ukumbi mmoja wa starehe ukatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja ambaye hakuulizwa. Posti za aina hiyo ndizo zinazojaza kurasa za shule, hoteli, hospitali na benki zetu kila siku.

Tuangalie picha hizo zinavyopatikana. Siku ya mahafali au ya kuzindua tawi, mpiga picha wa kukodi anapiga mamia ya picha. Jioni zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp la kitengo. Anayesimamia mitandao anachagua zenye nyuso zinazocheka na kuziposti, na posti ikifanya vizuri, bosi anaagiza ilipiwe ili iwafikie watu wengi zaidi. Katika mlolongo wote huo mwenye sura hajaulizwa neno. Ukihoji, utajibiwa kwamba lilikuwa tukio la hadhara, mbona waandishi wa habari walipiga pia?

Jibu hilo linachanganya mambo mawili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaipa kazi ya uandishi wa habari nafasi yake, kwa masharti. Ukurasa wa shule unaotafuta wanafunzi wapya unafanya biashara, na sheria hiyohiyo inataka idhini ya wazi kabla taarifa za mtu hazijatumika kibiashara. Kwa mtoto, anayeidhinisha ni mzazi au mlezi.

Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kabla yake, Ibara ya 16 ya Katiba ilikwishaweka haki ya faragha. Sheria hii inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, na kwa taarifa nyeti inataka idhini ya maandishi. Kwa hiyo ule mstari wa fomu ya kujiunga na shule unaosema mzazi "anakubali taratibu zote za shule" haukuruhusu kumweka mwanawe kwenye bango la matangazo.

Eneo linaloniumiza zaidi ni la afya. Mama amekaa kwenye benchi la kliniki, kadi mkononi, mtoto mgongoni. Kitengo cha mawasiliano kinapita na kamera kuonyesha jengo jipya, na mama anaonekana vizuri kabisa chini ya kibao kinachotaja huduma inayotolewa chumba kile. Maelezo ya picha hayamtaji kwa jina, lakini majirani hawahitaji jina. Picha hiyo moja imetoa siri ya afya yake mbele ya mtaa mzima, na aliyeitoa ni taasisi aliyoiendea kutafuta tiba. Ukitaka kuonyesha jengo, lipige asubuhi kabla wagonjwa hawajafika, au waombe wauguzi wakae kwenye yale mabenchi.

Halafu kuna picha za misaada: mifuko ya mchele, ndoo za mafuta, viti mwendo, na watoto wa kituo cha kulelea yatima wamepangwa mstari wakitazama kamera. Nafahamu kwa nini zinapigwa. Mfadhili anataka ushahidi, na mkurugenzi anataka kuonekana akikabidhi. Lakini anayepokea hana uwezo wa kukataa wakati ule, maana mchele uko mikononi mwa anayemwomba picha. Idhini ya namna hiyo haina uhuru ndani yake, na sheria inataka idhini itolewe kwa hiari. Mfadhili apelekewe hati ya makabidhiano yenye saini na picha ya mzigo ukishushwa, kisha mlezi wa kituo, mtu mzima aliyekubali mwenyewe, azungumze mbele ya kamera. Taarifa ya namna hii hata kuisoma inapendeza zaidi, kwa sababu mtu ameeleza ule mchele utapikwa lini na utatosha siku ngapi.

Idhini yenyewe haihitaji kurasa tano za lugha ya mawakili. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi inatosha: "Nakubali picha yangu niliyopigwa leo itumike kwenye kurasa za Facebook na Instagram za chuo kutangaza masomo ya mwaka huu. Nimeelezwa kuwa naweza kukataa na bado nikapata huduma. Nikibadili mawazo nitapiga namba hii, na picha itaondolewa." Chini yake jina, saini, tarehe na namba ya faili la picha. Namba ya faili ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo miezi sita baadaye hakuna anayejua karatasi ipi ni ya sura ipi. Zingatia pia kwamba idhini imetaja kazi maalumu. Aliyekubali picha ya mahafali hakukubali kuwa sura ya kampeni ya mikopo ya elimu.

Kwenye hafla kubwa ambako huwezi kumfuata kila mtu, weka mlangoni tangazo la kwamba picha zitapigwa, mshereheshaji alirudie, na tenga upande wa viti ambao kamera hazielekezwi. Kwa picha itakayotumika kama tangazo la kulipia, bado mtafute mhusika umuulize.

Na mkataba wa mpiga picha useme picha ni za kazi ile tu, kwamba hataziweka kwenye ukurasa wake kujitangaza, na lini atafuta nakala zake.

Mtu akiomba picha iondolewe, usianze kubishana naye kwenye maoni. Mjibu faraghani, iondoe, kisha fuatilia zilikokwenda nakala: tangazo lililolipiwa ambalo bado linazunguka, kurasa za matawi, tovuti, kipeperushi kilichoko kiwandani. Skrinshoti za watu huwezi kuzifuta, na ndiyo sababu kuuliza mapema kuna thamani kubwa kuliko kuomba radhi.

Kwa mwananchi aliyejikuta kwenye tangazo asilolijua: kabla ya kulalamika popote, piga skrinshoti ya posti ikionyesha jina la ukurasa na tarehe, na nakili kiungo chake, kwa sababu posti huweza kufutwa punde tu baada ya malalamiko. Kisha iandikie taasisi kwa barua au baruapepe, utaje unachotaka: iondolewe, uelezwe ilipatikanaje, au ulipwe fidia. Usiporidhika, nchini Tanzania peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ni kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria imempa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.