Charlotte Riddell: mtafute kwa vitabu vyake, si kwa jina lake

Ukiandika Charlotte Riddell, mwandishi wa riwaya za Kiingereza wa karne ya 19, kwenye katalogi ya maktaba, usishangae riwaya zake za mwanzo zisipojitokeza. City and Suburb (1861) na George Geith of Fen Court (1864) zilitoka kwa jina la F. G. Trafford, lisiloonyesha kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Baadaye akajiita Mrs. J. H. Riddell, na herufi hizo ni za mumewe. Katalogi isiyounganisha majina hayo inamgawa mtu mmoja mara mbili au tatu.

Kwa hiyo tafuta kwa jina la riwaya. Ukishaipata, fungua ukurasa wenye jina la kitabu: wachapishaji wa enzi hiyo walipenda kutaja hapo kazi za awali za mwandishi. Zifuate moja moja kurudi nyuma, ukilinganisha mwaka na mchapishaji.

Halafu hesabu juzuu. Riwaya mpya kwa kawaida ilitoka juzuu tatu, shilingi 31 na peni 6, bei iliyowashinda wengi. Waliazima kwa Mudie, maktaba ya kuazimisha vitabu kwa malipo: ada ya shilingi 21 kwa mwaka, juzuu moja kwa wakati. Ndiyo maana juzuu hukatika pale penye taharuki, ili msomaji airudie maktaba. Mtandaoni kila juzuu aghalabu ina faili lake, na ya pili ikikosekana utadhani mwandishi amevuruga kisa. Linganisha sura ya mwisho ya juzuu moja na ya kwanza ya inayofuata kabla ya kumlaumu.

Anza na George Geith. Kasisi anamkimbia mkewe na kanisa, anajificha City, mtaa wa biashara na fedha wa London, akiwa mhasibu. Akiamini mke amekufa, anamwoa Beryl. Kisha mke wa kwanza anaibuka. Ndoa mbili za aina hii zilikuwa kiini cha riwaya nyingi za taharuki za miaka ya 1860, ikiwemo Lady Audley's Secret ya Mary Elizabeth Braddon. Lakini Riddell anaitoa siri kwenye majumba ya mabwanyenye na kuiweka ofisini, katikati ya vitabu vya hesabu na hofu ya kufilisika. Kwangu hapo ndipo anapowazidi wenzake wengi: kwake fedha ndiyo inayosukuma kisa.

Weird Stories (1882), mkusanyo wake wa hadithi za mizuka, ni rahisi zaidi kupatikana. Usome baada ya George Geith, maana ukianza nao utamchukulia kuwa mtunzi wa mizuka tu.