Usikaze bushi gari likiwa hewani

Niliwahi kuletewa MGB ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, iliyokuwa imefungwa springi mpya za nyuma, zile za pleti, miezi michache tu kabla. Mwenyewe alikuwa na malalamiko mawili: nyuma limekaa juu kupita kawaida, na kila likipita kwenye tuta linagonga badala ya kunesa. Alikuwa ameshaambiwa springi ni mbovu, atafute nyingine. Springi zilikuwa nzima kabisa. Kibovu kilikuwa bushi, vile viungo vya mpira vinavyoishikilia springi kwenye bodi, na zilikufa kwa sababu fundi alikaza kila boliti gari likiwa limeinuliwa, magurudumu yananing'inia.

Nilipoichomoa bushi ya jicho la mbele, yaani tundu la duara kwenye ncha ya springi, mpira ulikuwa umechanika upande mmoja kwa umbo la mwezi mchanga. Ukiuminya kwa kidole gumba, mpasuko unafunguka, na ndani unaona mpira mweusi unaong'aa, bado mpya. Mpira uliochoka kwa uzee huwa mkavu na una nyufa ndogondogo kila mahali. Huu ulikuwa umepasuliwa.

Bushi ya namna hii ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na mpira umegandishwa katikati yake. Bomba la nje limeshindiliwa kwenye jicho la springi. La ndani linabanwa na boliti kwenye bodi, na ukishakaza halizunguki tena. Springi ikipanda na kushuka, hakuna chuma kinachosuguana na chuma. Ni mpira unaojipinda, kidogo huku, kidogo kule. Kwa hiyo mkao ule uliokuwapo ulipokaza ndio mkao ambao mpira umetulia. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishushwa springi inanyooka, jicho linazunguka, na mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Msokoto huo unasukuma bodi juu, ndiyo maana nyuma hunyanyuka. Na likija tuta, mpira umeshamaliza nafasi yake ya kujipinda. Unachanika.

Mimi hupitisha boliti zote kwa mkono na kuzungusha nati mpaka ziguse tu. Kisha nalishusha gari kwenye magurudumu yake, juu ya rampu, nazuia magurudumu yasibingirike, nalibonyeza nyuma mara kadhaa ili springi zikae, halafu ndipo naingia chini na toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kukaza kwa kipimo cha kitabu cha gari husika. Jeki peke yake sikai chini yake hata dakika moja.

Bushi za poliyurethani ni habari nyingine, kwa kuwa nyingi huzunguka juu ya bomba lake. Hizo zinataka grisi ya silikoni. Mpira wa asili usiupake grisi ya kawaida wala oili, utavimba na kulainika. Maji ya sabuni yanatosha kuuingiza.

Jambo la pili ninalolikagua kwa macho yangu kila mara ni senta boliti, ile inayoshikilia pleti za springi pamoja. Kichwa chake ndicho kinachoiweka ekseli mahali pake, kwa kuingia kwenye tundu la kikalio cha springi kwenye ekseli. Kikikaa ukingoni mwa tundu, boliti za U, zile zinazofunga ekseli kwenye springi, zitabana tu na utadhani kazi imekwisha. Baadaye ekseli inasogea, na gari linatembea kiubavu kama kaa. Kwenye springi nyingi senta boliti haiko katikati kabisa, basi ukiigeuza springi mbele nyuma, gurudumu halitakaa katikati ya madigadi. Mimi hupima kutoka boliti ya jicho la mbele hadi ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, nafungua.

Boliti za U zilizotumika sizirudishi, kwa sababu zilishavutika na uzi wake umechoka. Mpya nazikaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo, ili pleti ya chini isiinamie upande mmoja. Baada ya kilomita mia chache gari linarudi nizikaze tena, maana pleti na pedi za mpira zikitulia, boliti hulegea.

Shakeli, kile kiungo kinachoyumba kwenye ncha ya nyuma ya springi, nayo isisahaulike. Springi ikinyooka inarefuka, na shakeli ndiyo inayoipa mahali pa kwenda. Gari likiwa chini, iangalie: iwe na nafasi ya kuyumba pande zote mbili bila kugusa bodi. Na unapofungua shokapu, egemeza ekseli kwanza, isije ikaning'inia kwa bomba la mpira la breki.

Ile MGB niliirudishia springi zake zilezile na bushi mpya, nikakaza gari likiwa limesimama kwenye magurudumu. Nilikuwa nimepima toka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi kabla sijafungua chochote. Nilipopima tena, nyuma ilikuwa imeshuka kwa upana wa kidole, kushoto na kulia sawasawa. Nikapiga mstari wa rangi nyeupe kwenye kila nati, ili siku likirudi nione iliyosogea.