Wakisema "mvua za juu ya wastani", ni wastani wa nini?

Kila mwaka kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, na lugha yake tumeizoea: mikoa hii itarajie mvua za wastani hadi juu ya wastani, mikoa ile wastani hadi chini ya wastani. Tunaisikia redioni, kisha kila mtu anaipima kwa mvua ya mwaka jana. Lakini mwaka jana hauhusiki. Wastani unaotajwa pale ni wa miaka 30, na ndiyo unaotenganisha hali ya hewa na tabianchi.

Mvua iliyonyesha Tanga jana, joto la Dodoma leo mchana, upepo uliowazuia wavuvi wa Kilwa asubuhi hii: hiyo ni hali ya hewa. Inabadilika kwa saa. Kwamba Tanga ina masika na vuli, ilhali Dodoma ina msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, hiyo ni tabianchi. Zamani nahodha wa jahazi kutoka Oman alihitaji kuzijua zote mbili. Kaskazi ilimleta Unguja miezi ya Desemba hadi Machi na kusi ikamrudisha baadaye, kwa hiyo safari aliipanga kwa tabianchi. Ila akiwa katikati ya bahari, wingu jeusi lililomkabili jioni lilikuwa hali ya hewa, na kalenda ya pepo haikumsaidia kitu.

Kwa nini miaka 30 na si mitano? Tazama yaliyotokea kwetu juzijuzi tu. Vuli ya 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalikuwa na joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yalikuwa baridi. Mvua zikamiminika, na kufikia Mei 2020 kina cha Ziwa Viktoria kilikuwa kimepita rekodi iliyokuwepo tangu 1964. Miezi michache baadaye mambo yakageuka. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta kupata joto kuliko kawaida, na maeneo yaleyale yaliyokauka yakafurika. Mtu angechukua miaka miwili ya hapo katikati na kuiita tabianchi ya Garissa, angekuambia Garissa haina mvua kabisa. El Niño hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, hivyo katika miaka 30 unaipata mara kadhaa, pamoja na kinyume chake, La Niña. Ndipo wastani unapoanza kuaminika.

Sasa rudi kwenye taarifa ya TMA. "Wastani" kwao si namba moja. Ni kiasi chochote kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi. Tuseme kijijini kwako masika huleta milimita 400. Ukipata 300 ni wastani, ukipata 500 ni wastani pia, ingawa kwa mkulima wa mahindi hiyo ni misimu miwili tofauti kabisa. Isitoshe, jumla ya msimu haisemi mvua imegawanyika vipi. Milimita 400 zikianguka zote ndani ya wiki tatu, kisha jua likawaka mwezi mzima, kwenye daftari la kituo msimu utaonekana mzuri na shambani hakuna kitu. Kwa maoni yangu hili lingestahili kusemwa kwa sauti kubwa kuliko linavyosemwa.

Linabaki swali ambalo wabishi hulipenda: kama wataalamu hawawezi kusema kwa uhakika kama itanyesha Jumamosi ya mwezi ujao, wanawezaje kuzungumzia mwaka 2050?

Jibu la nusu ya kwanza lilipatikana Marekani mwaka 1961. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alikuwa akirudia hesabu kwenye kompyuta yake, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti ndogo kiasi hicho ikakua hadi utabiri wa pili haukufanana tena na wa kwanza. Hatuwezi kupima kila pumzi ya hewa duniani, kwa hiyo kosa dogo la leo huvuruga utabiri ndani ya takriban wiki mbili.

Tabianchi haikokotolewi kwa njia hiyo. Ukibandika sufuria la maji jikoni, hakuna anayeweza kukuambia povu la kwanza litaibukia upande gani, lakini kila mpishi anajua moto ukiongezwa kitatokea nini. Masika huja kwa sababu mkanda wa mvua hulifuata jua la utosi likivuka ikweta mwezi Machi kuelekea kaskazini, na safari hiyo ya jua haibahatishwi. Vivyo hivyo, kaboni dayoksaidi ikiongezeka angani huzuia joto lisitoke, na kiasi chake kinapimika.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo watu wengi hawalioni. Ule wastani wenyewe unahama. Kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020, na ni cha joto zaidi kuliko 1961 hadi 1990, hivyo mwaka unaoitwa wa kawaida leo ungehesabiwa wa joto enzi za babu zetu. Ndiyo maana wanaofuatilia ongezeko la joto duniani hulinganisha na 1850 hadi 1900. Kwa kipimo hicho, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kuwa 2024 ulizidi kwa nyuzi 1.55 hivi. Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, unataja kikomo cha 1.5, lakini haijahesabiwa kuwa imevukwa, kwa kuwa kikomo hicho hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, na 2024 ni mwaka mmoja.