Mwana wa Adamu si jina la unyonge

Muulize Mkristo yeyote tofauti ya Mwana wa Mungu na Mwana wa Adamu, atakujibu bila kusita: la kwanza ni uungu wa Yesu, la pili ni ubinadamu wake. Jibu hilo ni la kale. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasio, askofu wa Antiokia, alikwisha kuyaweka majina hayo sambamba hivyo katika barua yake kwa Waefeso. Ila mimi hufundisha Kigiriki cha Agano Jipya, na kila tukifika Marko 14 jibu hilo hukwama.

Kuhani mkuu anamuuliza Yesu kama yeye ndiye Kristo, Mwana wake Mtukufu. Yesu anakubali, kisha anaongeza kwamba watamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume, akija na mawingu. Hapo kuhani anararua mavazi yake na kusema ni kufuru. Kama jina hilo ni la unyonge tu, kufuru iko wapi?

Mawingu hayo ni ya Danieli 7:13. Katika njozi hiyo, baada ya wanyama wanne anakuja “mmoja aliye mfano wa mwanadamu”, naye anapewa mamlaka na ufalme usioangamizwa. Sura hiyo iliandikwa kwa Kiaramu, na maneno yake, bar enash, neno kwa neno “mwana wa mtu”, maana yake ni mtu, basi. Sisi neno hilo tunalo tayari: mwanadamu ni mwana wa Adamu. Lakini Biblia ya Union inaandika “mwanadamu” katika Ezekieli na Danieli, halafu katika Injili “Mwana wa Adamu”, na msomaji hasikii kwamba ni mlio uleule. (Siwalaumu wafasiri. Kigiriki cha Injili chenyewe ni kigeni hapo: “yule mwana wa mtu”, mtu gani?)

Mwana wa Mungu, kwa upande wake, kilikuwa cheo cha mfalme wa ukoo wa Daudi, mtu wa nyama na damu. Soma 2 Samweli 7:14, kisha Zaburi 2:7.

Paulo katika barua zake halitumii kabisa jina Mwana wa Adamu. Katika Agano Jipya, nje ya Injili, anayelitamka kama cheo ni Stefano, katika Matendo 7:56: anamwona Mwana wa Adamu amesimama mkono wa kuume wa Mungu. Wasikilizaji wake walielewa. Waliziba masikio, wakamtoa nje ya mji, wakampiga mawe.